Kimbilio la Dhoruba Nyumbani: Historia Inatufundisha Nini Sisi wa Kingolwira

Leo tunaweka kando kidogo habari za mbegu na viuatilifu. Tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka pale tu mabati yanapoanza kupiga kelele usiku. Dhoruba ikikukuta nyumbani, watoto wamelala, unakimbilia wapi?

Jibu la wengi ni kwamba tunakaa ndani na kumwomba Mungu. Kuomba ni vizuri, wala simkatazi mtu. Lakini "ndani" ni wapi? Chini ya kenchi zipi, na nyuma ya ukuta upi? Nyumba ile ile inaweza kuwa na pembe itakayokuokoa na pembe itakayokuua, na usiku wa mvua kubwa si wakati wa kuanza kutafuta ipi ni ipi.

Ninaposema kimbilio la dhoruba sina maana ya jengo kubwa la serikali. Nina maana ya sehemu moja ya nyumba yako, au ya kiwanja chako, uliyoichagua na kuiimarisha mapema, ambayo kila mtu wa nyumbani anaijua, hata mtoto wa darasa la kwanza.

Nitaeleza kwa njia ya historia, na sababu yake ni hii. Dhoruba kubwa haipigi kila mwaka mahali pale pale. Unaweza kulima miaka 30 bondeni usione maji yakivuka kizingiti chako, ukaamini kwamba hayatavuka kamwe. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni fupi kuliko tabia ya mto. Inabidi tuazime kumbukumbu za waliotutangulia, na za majirani walio mbali na sisi.

MWAKA 1872: MJI WA SIMBAMWENE NA KARAFUU ZA UNGUJA

Tuanze hapa hapa kwetu. Kabla ya reli kufika Morogoro mwaka 1907, chini ya milima ya Uluguru palikuwa na mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na mji ukajulikana kwa jina hilo. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapo. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipita mwaka 1871 na kuusifu. Aliona ukuta wa mawe, minara, na milango mizito ya mbao iliyochongwa. Alikadiria wakazi kuwa maelfu.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili 1872, Stanley alirudi kwa njia ile ile akielekea pwani na kuukuta mji umebadilika. Mto ulikuwa umefurika na kuuchukua ukuta wa mbele wote, pamoja na nyumba zipatazo 50. Vijiji vya Waluguru vya milimani navyo viliharibiwa. Aliandika kwamba hata kama robo tu ya habari alizozisikia njiani ilikuwa kweli, basi watu wasiopungua 100 walikuwa wamekufa.

Angalia jambo hili vizuri. Ukuta ule haukuwa dhaifu. Ulijengwa kwa mawe na watu waliojua vita, kwa ajili ya kuzuia maadui wenye bunduki, na kazi hiyo uliiweza. Haukujengwa kwa ajili ya maji. Ukuta unaokatiza njia ya maji bila kuyaachia pa kupita hugeuka kuwa bwawa, na bwawa likizidiwa hupasuka. Hilo ndilo somo la kwanza: uimara peke yake hautoshi. Lazima ujue unajikinga na nini.

Mwezi huo huo, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipiga kisiwa cha Unguja. Merikebu za Sultani Seyyid Barghash ziliharibiwa bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo tajiri wa shamba aliyelala na mali jioni aliamka hana kitu, na hakuwa na cha kuvuna msimu uliofuata wala ule wa baada yake. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Mfanyabiashara unayesoma, hapa kuna somo lako: mali yote ikiwa mahali pamoja, dhoruba moja inatosha kuimaliza.

NYUMBA ZA WAZEE NA NYUMBA ZETU

Babu zetu walijengaje? Katika sehemu nyingi za nchi hii nyumba zilikuwa za miti na udongo, paa la nyasi, nyingi zikiwa za duara. Nyumba ya duara haina upande mpana wa kupokea upepo, upepo huizunguka. Fito zilizofungwa kwa kamba hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Na kubwa kuliko yote, paa la nyasi likiangukia watu, wengi hutoka wakiwa hai.

Sisemi turudi kwenye nyasi. Nyasi huungua, huhifadhi panya na huoza. Ninachosema ni kwamba tulipobadilisha vifaa tulipoteza kinga moja na tukasahau kuweka nyingine mahali pake. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji na kampeni za nyumba bora, familia nyingi zilihamia kwenye vijiji vipya na kuanza kujenga nyumba za pembe nne zenye kuta za tofali. Baadaye bati likawa dalili ya maendeleo, na kweli ni maendeleo. Lakini bati ni jepesi na pana. Upepo ukipita juu yake kwa kasi hulivuta kwenda juu, na kama mlango au dirisha limefunguka, upepo ulioingia nao husukuma kutoka chini. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Paa lililopigiliwa misumari michache, juu ya ubao ambao haujafungwa kwenye ukuta, linashikiliwa na uzito wake tu.

Paa likishaondoka, ukuta nao umebaki bila kitu cha kuushika juu. Kama ni wa tofali za udongo zisizochomwa na zilizojengewa kwa tope, mvua inaulowesha kuanzia juu na kuanzia chini kwa wakati mmoja. Hapo haihitajiki hata tufani. Ukuta huanguka wenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mwakata, halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, usiku wa tarehe 3 Machi 2015. Mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilipiga kijiji watu wakiwa majumbani. Waliokufa walizidi 40. Wengi wao waliangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Walikuwa wamefanya kile kile ambacho wewe na mimi tungefanya: walikaa ndani. Tatizo lilikuwa hiyo "ndani" yenyewe.

MWAKA 1970: MASOMO MATATU KATIKA MWAKA MMOJA

Kuna mwaka mmoja ambao ningependa kila mjenzi wa kijijini aujue, nao ni 1970. Katika mwaka huo yalitokea maafa matatu katika sehemu tatu za dunia, na kila moja lilifundisha jambo tofauti kuhusu kimbilio.

La kwanza lilitokea upande wa pili wa mlima wetu, Mgeta. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Milimita 100 ni nini? Chukua paa la nyumba lenye mita 6 kwa 8. Mvua hiyo ingeliangushia lita 4,800, yaani madumu 240 ya lita 20. Kwa ekari moja ya shamba ni zaidi ya lita 400,000, ambazo ni uzito wa tani 400 umewekwa juu ya udongo wa mteremko. Udongo ulishindwa kushika. Miteremko ilimeguka mahali zaidi ya 1,000. Watu walikufa, nyumba na mashamba yakaharibika.

Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walikwenda kuhesabu makovu yale moja baada ya jingine. Waligundua kwamba karibu nusu ya maporomoko yalianzia kwenye mashamba yaliyolimwa, na karibu nusu nyingine kwenye ardhi ya nyasi iliyokuwa imepumzishwa. Yaliyoanzia kwenye msitu na vichaka hayakufika asilimia 1. Mizizi mirefu ya miti ilikuwa imeushona udongo kwenye mwamba. Kwa hiyo kwa mtu wa mlimani kimbilio linaanza juu ya nyumba, siyo ndani yake: miti iliyoachwa kwenye mteremko wa nyuma ndiyo ukuta wake wa kwanza. Na nyumba inayokaa kwenye mkondo ambao udongo utapita haiwezi kuokolewa na saruji yoyote. Watu wa Katesh, chini ya mlima Hanang, waliona jambo hilo tarehe 3 Desemba 2023, pale tope na mawe viliposhuka na kuua watu zaidi ya 80.

La pili lilitokea Marekani, katika mji wa Lubbock, jimbo la Texas, tarehe 11 Mei 1970. Kimbunga cha aina ya kisulisuli kikubwa kilipita mjini na kuua watu 26. Wamarekani wa sehemu zile tangu zamani walikuwa na desturi ya kuchimba handaki karibu na nyumba, walimohifadhi viazi na vyakula vya chupa, na walimojificha upepo ulipokuja. Lakini nyumba mpya za mjini nyingi hazikuwa nazo. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, kilichopo hapo hapo Lubbock, walianza kukagua mabaki, na wakaendelea kufanya hivyo baada ya vimbunga vilivyofuata. Waliona kitu cha ajabu: nyumba imesambaratika yote, lakini katikati yake kimesimama chumba kimoja kidogo, bafu au stoo. Chumba kile kilisalia kwa sababu kuta zake ni fupi na zimeshikana kwa karibu, na kiko ndani, mbali na kuta za nje. Hapo likazaliwa wazo kwamba huhitaji kuimarisha nyumba nzima; imarisha chumba kimoja kidogo. Mkulima, hili ndilo neno lenye thamani kuliko yote katika makala haya.

La tatu lilitokea Bangladesh, ambayo wakati huo ilikuwa Pakistan ya Mashariki, tarehe 12 Novemba 1970. Kimbunga kilisukuma bahari juu ya visiwa na mashamba ya tambarare, na watu wasiopungua 300,000 walikufa. Nchi ile ilipopata uhuru ilianza mpango wa watu wa kujitolea wa kutoa tahadhari kijiji kwa kijiji, na kwa miaka iliyofuata yakajengwa makimbilio mengi ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ili maji yapite chini. Mengi yake ni shule za kila siku. Mwaka 2007 kimbunga kikali kiitwacho Sidr kilipopiga pwani hiyo hiyo, waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Bado ni huzuni, lakini si laki tatu.

Wabangladesh waligundua pia jambo ambalo kila mfugaji atalielewa. Watu walikuwa wanakataa kwenda kwenye kimbilio kwa sababu hawakutaka kuwaacha ng'ombe. Ikabidi yajengwe matuta makubwa ya udongo kwa ajili ya mifugo. Mtu haokoki akiwa peke yake. Anaokoka pamoja na kile anachokitegemea, au hatoki nyumbani.

KWA NINI NASEMA NYUMBANI

Utaniuliza: kama Bangladesh walijengewa na serikali, kwa nini sisi tujijengee?

Kwanza, kwa sababu ya muda. Kimbunga cha bahari hutangazwa siku kadhaa kabla. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshatoa taarifa, na usafiri wa baharini ukasitishwa. Huku bara, upepo unaoezua mapaa na mvua ya mawe hufika ndani ya dakika chache tangu wingu jeusi lionekane. Huwezi kutembea kilomita mbili gizani hadi shuleni ukiwa umebeba mtoto na bati zinaruka.

Pili, kwa sababu barabara na reli hukatika. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa uliingia Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 maji yaliharibu daraja la Dumila, magari ya Dodoma yakakwama. Msaada ulikuja, lakini msaada hauji usiku ule ule. Usiku wa kwanza ni wako.

Tatu, historia yetu wenyewe inatuonya kuhusu kinga ya kuamrishwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kuzuia mmomonyoko halikuwa wazo baya. Lakini lilikuja kwa amri na faini, kazi ilikuwa nzito, na wenye mashamba hawakuulizwa. Mwaka 1955 huko Matombo watu walikataa, polisi wakatumia risasi, mtu akauawa, na mpango ukafa. Kinga inayodumu ni ile ambayo mwenye nyumba ameielewa na kuitaka mwenyewe.

UNAJIKINGA NA NINI? JUA KWANZA

Sasa turudi kwenye kiwanja chako. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, jiulize ni hatari ipi kati ya tatu inayokuhusu.

1. Maji. Kama uko karibu na Ngerengere au kwenye njia ya kijito kinachoshuka mlimani, hata kile kinachokauka kiangazi, hatari yako ni maji. Kimbilio lako liwe juu: sakafu iliyoinuliwa, au nyumba ya ndugu aliye kwenye mwinuko ambaye mmekubaliana naye mapema. Usichimbe handaki. Handaki la Texas ni la nchi yenye upepo. Bondeni kwetu handaki ni kisima cha kufia.

2. Udongo. Kama uko kwenye mteremko mkali, angalia nyuma ya nyumba. Ukiona nyufa za mwezi mwandamo kwenye ardhi, miti iliyoinama, au chemchemi mpya iliyotokea pasipokuwa na maji, hilo ni onyo. Hapa kimbilio ni kuondoka mapema kwenda kwenye mgongo wa kilima, mbali na mkondo, na kuendelea kupanda miti. Chumba cha zege hakitakusaidia.

3. Upepo na mvua ya mawe. Hii inatuhusu karibu wote wa tambarare, na hapa ndipo chumba kimoja imara kinapofanya kazi.

CHUMBA KIMOJA KIDOGO

Chagua chumba cha ndani, kidogo, kisicho na dirisha kubwa. Mita 2 kwa mita 2.5 zinatosha watu sita kukaa chini. Kiwe chumba mnachokitumia kila siku, kwa mfano stoo ya mahindi au chumba cha kulala watoto. Kumbuka shule za Bangladesh: kimbilio linalotumika kila siku hukarabatiwa, lisilotumika hugeuka banda la kuku na siku ya shida mlango haufunguki.

Kuta ziwe za tofali za kuchoma au za bloku, zimejengewa kwa saruji, juu ya msingi wa mawe ulioinuka sentimita 45 kutoka ardhini. Tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukizihamasisha, nazo zinafaa na hupunguza matumizi ya saruji. Juu ya kuta zote nne zungusha mkanda wa zege wenye nondo, usiokatika hata kwenye kona. Mkanda huo ndio unaofanya kuta nne ziwe kitu kimoja.

Ukiweza, funika chumba hicho kwa zege. Eneo la mita za mraba 5 kwa unene wa sentimita 10 ni nusu ya mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utahitaji mifuko 3 hadi 4 tu ya saruji kwa zege hilo. Nondo zipangwe na fundi anayejua kazi. Lakini sikiliza kwa makini: usiweke kamwe zege juu ya ukuta wa tope au tofali zisizochomwa. Hapo utakuwa umejenga mtego, siyo kimbilio.

Kama zege haiwezekani mwaka huu, anza na haya yenye gharama ndogo:

– Funga kenchi kwenye ukuta. Pitisha waya mzito au chuma bapa kutoka kozi ya tatu au ya nne chini ya ubao wa juu, uuzungushe kwenye kenchi na kuukaza. Kazi hii haimalizi siku mbili.

– Ongeza misumari ya bati kwenye kingo na pembe za paa, kwa sababu upepo huanzia hapo. Ukinunua bati jipya kumbuka kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30.

– Acha bati litokeze kiasi cha sentimita 60 kukinga ukuta, na chimba mfereji wa kuondoa maji ya paa mbali na msingi.

– Sogeza vitanda vya watoto mbali na ukuta mrefu usio na nguzo wala ukuta wa kuukatiza. Ukuta wa namna hiyo ndio wa kwanza kuanguka.

– Weka meza nzito au kitanda imara cha mbao ngumu katika chumba kidogo kuliko vyote. Ndicho kimbilio lenu hadi mtakapojenga bora zaidi.

KWA MWENYE DUKA NA MWENYE GHALA

Wewe unayenunua mpunga na mahindi kwa magunia, dhoruba inaweza isikuguse mwilini ikakuua mfukoni. Weka magunia juu ya chaga, angalau sentimita 30 kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta. Usiweke mzigo wote kwenye ghala moja kipindi cha masika. Kumbuka Unguja na Pemba. Daftari la madeni, hati, kadi za kliniki na vyeti vya shule viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaofungwa, uliotundikwa ndani ya kile chumba imara. Mbegu za msimu ujao nazo ziwe humo. Nyumba huweza kujengwa kwa msaada wa majirani. Mbegu iliyooza hakuna jirani atakayekurudishia wakati wa kupanda.

DHORUBA IKIANZA

Zima moto wa jiko. Ingieni wote kwenye chumba, mkae chini mkiegemea ukuta wa ndani, vichwa vimefunikwa kwa godoro au mito. Usitoke kushikilia bati; hakuna mwanaume aliyelishinda bati linaloondoka na upepo. Usikimbilie chini ya mwembe, kwa sababu ya radi na matawi. Kama hatari yako ni maji, fungua zizi na kata kamba za mbuzi mapema, kisha ondokeni kabla maji hayajafika magotini. Mtu mmoja awe na jukumu la kumchukua bibi au mgonjwa, na awe anajulikana kwa jina, siyo "mtu yeyote".

Mvua ikikatika, usirudi haraka kwenye chumba chenye ukuta uliolowa. Ukuta wa udongo unaweza kuanguka saa kadhaa baada ya mvua kuisha.

TUANZE LINI?

Tofali tunafyatua na kuchoma kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ndiyo miezi ya kujenga kimbilio, siyo Machi wingu likishatanda. Kaya inayoweza kununua mfuko mmoja wa saruji baada ya kila mauzo, itakuwa na mkanda wa zege kabla ya masika mengine. Na kaya tano zikisaidiana zamu kwa zamu, kama tunavyosaidiana kupalilia, fundi mmoja anaweza kuzunguka vyumba vitano katika kiangazi kimoja.

Kuna atakayesema kwamba miaka yote nyumba yake haijaguswa. Nafurahi kwa ajili yake. Watu wa Simbamwene nao waliishi na ukuta wao miaka mingi ukiwa salama, hadi masika yale ya 1872. Leo ukuta ule haupo, mji una jina jingine, na mto bado unapita. Thamani ya kimbilio haipimwi kwa idadi ya dhoruba ulizoziona. Inapimwa kwa watu ambao ungependa uwakute wazima asubuhi.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako na taa. Chagua chumba. Waite watoto uwaonyeshe. Hiyo hatua ya kwanza haina gharama hata ya shilingi moja.